Visawe na Fasili katika Kamusi za Awali za Kiingereza

Kitabu alichokitoa Robert Cawdrey mwaka 1604 huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza kueleza Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, yote magumu, mengi yakiwa ya asili ya Kilatini. Kwa kawaida neno gumu liliwekewa visawe vyepesi vichache au maelezo mafupi. Njia hiyo ilimfaa aliyetaka kufahamu alisomalo. Aliyetaka kulitumia neno haikumfaa, kwani ni nadra visawe kulingana kila mahali.

Samuel Johnson alilitambua tatizo hilo. Katika kamusi yake ya mwaka 1755 alizitenga maana mbalimbali za kila neno, akazithibitisha kwa madondoo ya waandishi. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa fasili uzito.

Mwaka 1852 Peter Mark Roget, tabibu kwa taaluma, aliacha fasili kabisa. Aliyapanga maneno kwa dhana, chini ya vichwa 1,000, ili mwenye wazo alipate neno. Mpango huo wavutia, lakini wamdai msomaji awe tayari amekwisha kuzijua tofauti za maneno yaliyokusanywa pamoja. Roget mwenyewe alieleza katika utangulizi kuwa hakukusudia kuzichambua; aliona huo ni uchunguzi mwingine.