Bakteria wa asidi laktiki: jeni na ukaushaji kwa kugandisha

Bakteria wa asidi laktiki ndio wanaogeuza maziwa kuwa mtindi na jibini. Ili wahifadhiwe kwa miezi mingi, viwanda huwagandisha kisha huwaweka kwenye ombwe, ambamo barafu hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza. Hubaki unga mkavu. Njia hii ni ya upole kuliko kukausha kwa joto kali, lakini bado inaua.

Maafa huanzia kwenye utando wa seli. Maji ndiyo yanayotenganisha molekuli za mafuta zilizoujenga; yakiondoka, husongamana na kukakamaa, na seli ikirudishiwa maji utando huvuja. Protini nazo hupoteza umbo. Tangu zamani kinga imekuwa kuwachanganya bakteria na maziwa yasiyo na mafuta au sukari. Miongoni mwa sukari hizo, trehalosi inasifika kwa kushika nafasi ya maji kwenye utando, na hamira hujitengenezea yake yenyewe. Lakini sukari iliyotiwa nje hulinda zaidi upande mmoja wa utando, na ndani seli hubaki bila ngao.

Watafiti wa Ubelgiji waliamua ngao hiyo itengenezwe ndani. Walikuwa wakimwandaa Lactococcus lactis kubeba dawa hadi kwenye utumbo wa wagonjwa, wakampandikizia jeni za Escherichia coli zinazounda trehalosi. Matokeo yao ya 2006 yanatia moyo sana: bakteria waliojaa trehalosi walinusurika karibu wote baada ya kukaushwa, tena wakastahimili vizuri zaidi nyongo na asidi ya tumbo.

Mwaka huohuo, huko Cork, Ireland, Lactobacillus salivarius alipewa jeni betL kutoka kwa Listeria monocytogenes, kijidudu kinachosababisha maradhi hatari. Jeni hiyo huiwezesha seli kufyonza betaini, kinga nyingine dhidi ya ukavu. Wengine waliongeza protini za GroES na GroEL, zinazosaidia protini nyingine kukunjwa sawasawa.

Katika vyakula, jeni za kigeni hukabiliwa na sheria kali, hasa Ulaya. Kwa hiyo njia inayofaa zaidi huko ni kuchagua aina zenye ustahimilivu wa asili, au kuwapa bakteria joto au baridi kidogo kabla ya kukaushwa ili jeni zao za kujikinga ziamke.

Hata unga wa aina iliyoboreshwa lazima ufungwe usipate hewa wala unyevu na uwekwe penye baridi, kwani oksijeni na joto huendelea kuua seli ghalani.