Wingi wa Milu na Ufinyu wa Jeni Zake za Kinga

Milu, kulungu wa ardhioevu za China, hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba mnyama aliyetoweka porini anaweza kurudishwa. Kwa upande wa idadi, ushahidi huo hauna shaka. Kwa upande wa kinga una kasoro, na hoja yangu ni kwamba kasoro hiyo haitibiki kwa kuteua madume na majike wa kuzalisha kwa kigezo cha jeni za kinga peke yake.

Padri Mfaransa Armand David alipowaona mwaka 1865, milu walikuwa wamesalia katika bustani ya mawindo ya mfalme, kusini mwa Beijing. Mafuriko ya 1895 yalibomoa ukuta wake, na wengi waliotoroka waliishia kuliwa na wanavijiji wenye njaa. Waliobaki waliangamizwa katika vita vya 1900. Spishi ilinusurika kwa sababu ya tamaa ya mkusanyaji mmoja, Duke wa Bedford, aliyewakusanya milu 18 kati ya waliokuwa wamepelekwa Ulaya awali na kuwaweka Woburn, Uingereza. Kati yao ni 11 tu waliozaa. Wazao wao walirejeshwa Beijing mwaka 1985 na Dafeng, jimboni Jiangsu, mwaka uliofuata. Leo ni maelfu.

Wazazi 11 hawawezi kubeba zaidi ya aleli 22, yaani matoleo tofauti, za jeni moja. Kwa kuwa walitoka katika kundi lililofungiwa muda mrefu, bila shaka walikuwa nazo chache zaidi. Hasara hiyo ni nzito hasa katika kundi la jeni liitwalo MHC. Protini zake hushika vipande vya kimelea na kuvionyesha kwa seli za kinga, lakini kila umbo la protini hushika aina fulani tu za vipande. Maumbo yakiwa machache, kimelea kilichokwepa kinga ya mnyama mmoja kimekaribia kukwepa ya kundi zima.

Mpinzani atauliza: mbona elki, ambaye naye ni wa familia ya kulungu, anastawi? Mwaka 1995 Mikko na Andersson walionyesha kwamba jeni ya DRB, mojawapo ya jeni za MHC, ina tofauti ndogo kwa elki wa Ulaya na wa Amerika Kaskazini pia. Hata hivyo misitu ya Uswidi na Kanada imejaa elki. Pingamizi hili ni la haki, nalo linatuonya tusiigeuze DRB kuwa kipimo cha kinga yote. Lakini elki huishi kwa kutawanyika, ilhali milu hukaa makundi makubwa yanayokunywa na kujisaidia katika maji yaleyale. Ufinyu uleule wa jeni hauleti hatari ileile.

Mwaka 1991 Austin Hughes alipendekeza kwamba uzalishaji wa wanyama walio hatarini ulenge kuhifadhi aleli za MHC. Alipingwa mara moja, na kwa maoni yangu waliompinga walikuwa sahihi. Kumteua milu kwa ajili ya aleli adimu ni kuwaacha wengine, na pamoja nao aleli za maelfu ya jeni nyingine ambazo hakuna aliyezipima. Isitoshe, aleli inayoonekana njema inaweza kuwa na madhara yake. Miongoni mwa kulungu wa mkia mweupe wa Marekani, aina moja ya jeni ya prioni (si ya MHC, lakini funzo ni lile lile) hurefusha maisha ya mnyama mwenye ugonjwa sugu wa kudhoofika bila kumkinga asiambukizwe. Anayeishi zaidi akiwa mgonjwa hueneza ugonjwa kwa muda mrefu zaidi.

Kuhamisha milu kutoka hifadhi moja hadi nyingine hupunguza uzazi wa ndugu kwa ndugu, lakini hakuleti aleli ambayo wazazi wale hawakuwa nayo. Kuwachanganya na kulungu mwekundu kunawezekana, na kumefanyika katika utafiti huko New Zealand, ila anayezaliwa si milu tena. Kinachobaki ni nafasi: makundi mengi, yaliyo mbalimbali, yasiyolishwa kwenye hori moja, ili mlipuko wa ugonjwa ukomee ulikoanzia. Mwaka 1998 mafuriko ya mto Yangtze yaliwatorosha milu wa hifadhi ya Shishou, na baadhi yao wakaanzisha makundi huru hadi kando ya ziwa Dongting. Kuwakamata na kuwarudisha uani kungekuwa kosa.