Saratani ya tezi dume: Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua tiba

MWANAMUME wa Kibera au Kawangware anapoambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume, aghalabu huondoka hospitalini akiwaza kifo tu. Hata hivyo, mara nyingi ugonjwa huu hukua polepole, na mgonjwa huwa na majuma kadhaa ya kuuliza na kushauriana na jamaa zake kabla ya kuamua. Asiyepaswa kungoja ni yule ambaye mkojo umemzibia au miguu imeanza kufa ganzi na kulegea. Huyo sharti awahi hospitalini siku iyo hiyo.

Jambo la kwanza ni uthibitisho. Kipimo cha damu cha PSA peke yake hakitoshi, kwa kuwa kiwango chake hupanda pia tezi inapopata maambukizi au inapotanuka kwa sababu ya umri. Saratani huthibitishwa kwa kuchunguza kwenye maabara vipande vidogo vya tezi vilivyotolewa kwa sindano. Ripoti hutaja alama ya Gleason, kwa kawaida kati ya 6 na 10; kadiri alama inavyopanda ndivyo saratani inavyokuwa kali. Picha za nyonga na mifupa nazo huonyesha iwapo ugonjwa umesambaa. Mgonjwa aombe nakala za ripoti zote na kuzihifadhi.

Ikiwa saratani ingali ndani ya tezi, njia kuu ni tatu: kufuatiliwa kwa vipimo, upasuaji, au mionzi. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wanaume 1,643, ambao matokeo yake ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023, ulionyesha kuwa takriban watatu katika kila 100 walikufa kwa saratani hii, njia yoyote waliyopangiwa. Hata hivyo, ugonjwa ulisambaa kwa tisa katika kila 100 waliofuatiliwa tu, ikilinganishwa na watano kwa njia nyingine. Wote waligunduliwa mapema, hivyo matokeo hayo hayamhusu anayefika hospitalini tayari akiumwa na mifupa.

Madhara nayo hutofautiana. Upasuaji unaweza kuacha mkojo ukivuja na kudhoofisha nguvu za kiume. Mionzi pia huweza kudhoofisha nguvu hizo, na kusumbua utumbo.

Baada ya hapo huja hesabu ya maisha. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi manane. Mkazi wa Kibera anaweza kufika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH) kwa miguu, ilhali wa Kawangware huhitaji nauli ya kwenda na kurudi. Kwa kibarua wa mjengo, kila siku ya foleni ni ujira uliopotea. Upasuaji nao humzuia kubeba mizigo mizito kwa majuma kadhaa.

Saratani ikishasambaa, tiba huanza kwa kupunguza homoni za kiume, ama kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, ama kwa upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani. Wengi hukataa upasuaji huo wakihofia kupoteza uanaume, ilhali sindano pia hupunguza hamu. Tofauti kubwa ni kwamba anayekosa sindano kwa kukosa pesa huupa ugonjwa nafasi. Tiba inayofaa ni ile ambayo mgonjwa ataweza kuifuata hadi mwisho.

Kwa hivyo, kabla ya kuanza, aulize bima italipa nini na yeye atabakiwa na gharama gani. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huwa na kikomo cha malipo ya saratani kwa kila familia.

Wala si aibu kusema. Profesa Anyang' Nyong'o alitangaza hadharani kwamba ana ugonjwa huu alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, akatibiwa, na mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mgonjwa amshirikishe mkewe, na kuwaarifu kaka na wanawe wa kiume, kwani hatari yao iko juu zaidi.

Anayelemewa na maumivu asijifiche nyumbani. Nairobi Hospice, iliyo katika uwanja wa KNH tangu 1990, hutoa huduma ya kuyatuliza.