Gavana ya Santuri: Breki Ndogo Iliyolinda Sauti za Waimbaji Wetu

Anayeingia Shinyanga kwa ndege hushukia Ibadakuli. Kata hiyo ina uwanja wa ndege, na ina kituo cha kupozea umeme ambacho nyaya zake kubwa zinatoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kisha nyingine zinaondoka kuelekea Bulyanhulu na ukanda wa dhahabu wa Geita. Umeme unaopita hapo unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, usiku na mchana. Ukipungua au kuzidi kupita kiasi, mitambo inadhurika. Kinachoulinda mwendo huo kinakaa mbali, kwenye mitambo ya kuzalishia umeme, na mafundi wanakiita gavana.

Muda mrefu kabla ya nyaya hizo kufika, gavana nyingine, ndogo ya kukaa kiganjani, ilikuwa imeshaenea Afrika Mashariki. Ilijificha ndani ya sanduku la santuri, kile kinanda cha kutia ufunguo kilichoimbisha sebule za Unguja, mahoteli ya Mombasa na makambi ya wafanyakazi bara. Watu waliikumbuka pembe, wakaikumbuka sindano, wakaikumbuka hata picha ya mbwa iliyobandikwa katikati ya sahani ya wimbo. Gavana hawakuiona, kwa kuwa ilikuwa chini ya ubao. Nami nasema kwamba bila hiyo tusingekuwa na sauti ya mwimbaji Siti binti Saad tunayoijua.

Mwaka 1928 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Reli kutoka Tabora ilikamilika hadi Mwanza, ikiwa imepita Shinyanga, na bidhaa za pwani zikapata njia ya haraka ya kuingia Usukuma. Mwaka huohuo Siti, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili katika kampuni ya HMV. Sahani zilizotoka huko zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu unaotokana na wadudu wa miti ya India, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi za wimbo. Kutoka bandarini zilisafiri kama bidhaa nyingine zote: treni, duka la Mhindi, kisha begani au kwenye baiskeli. Kule zilikokwenda hakukuwa na umeme. Palikuwa na mkono wa mtu, hendeli, na kamani.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kamani ya santuri ni ukanda wa chuma cha pua, mrefu wa mita kadhaa, uliokunjwa ndani ya pipa dogo. Ukizungusha hendeli mpaka mwisho, kamani inavuta kwa nguvu zake zote. Kadiri inavyojikunjua ndivyo inavyolegea. Mtambo unaoiachia ifanye ipendavyo utazunguka mbio mwanzoni na kukokota miguu mwishoni, na wimbo utaanza kwa sauti nyembamba ya mtoto na kumalizikia kwa mngurumo wa mzee. Sikio la binadamu halisamehe kosa hilo. Sahani inayotakiwa kwenda mizunguko 78 kwa dakika, ikifika 82 na nusu hivi, inapandisha wimbo mzima karibu nusu sauti. Mpigaji fidla atalitambua jambo hilo kabla mshororo wa kwanza haujaisha.

Watengenezaji wa saa walikuwa wamepambana na kamani karne nyingi kabla ya hapo. Tangu karne ya 15 mafundi wa Ulaya walijua kuifunga kamani kwa uzi au mnyororo unaozungushwa kwenye koni, ili inapolegea ivute upande mnene wa koni na mvuto ubaki sawa. Juu ya hilo saa ina kifaa kinachouzuia mtambo na kuuachia, kuuzuia na kuuachia, na mlio wake ni ule tuk-tuk tunaousikia. Njia hiyo haifai kwa muziki. Mtambo unaokwenda kwa kusitasita ungetetemesha sahani, na mtetemo huo ungesikika kwenye kila noti ndefu. Santuri ilihitaji kitu kinachotuliza mwendo bila kuukatakata.

Jibu lilitoka kwenye vinu na injini za mvuke. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini yake mipira miwili mizito inayozunguka kwenye mhimili, wazo lililokwisha kutumika kwenye vinu vya upepo vya kusagia nafaka. Injini ikienda kasi, mipira inatawanyika na kuuminya mlango wa mvuke. Ikipunguza kasi, mipira inashuka na mlango unafunguka. Injini inajichunga yenyewe.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya wazo hilo kuingia kwenye muziki wa nyumbani. Gramafoni za kwanza za mvumbuzi wake, Emile Berliner, zilizungushwa kwa mkono, na mwendo wa wimbo ulitegemea utulivu wa mkono wa mwenye kuzungusha. Mwaka 1896 watu wa Berliner walimpelekea kazi Eldridge Johnson, fundi kijana mwenye karakana mjini Camden, New Jersey. Alitengeneza mashine ya kamani yenye gavana, iliyo rahisi kununulika na isiyopiga kelele ya kufunika wimbo. Mwaka 1901 Johnson akaanzisha kampuni ya Victor. Ile picha maarufu ya mbwa anayesikiliza pembe, iliyochorwa na Francis Barraud na kununuliwa na kampuni ya Gramophone ya London mwaka 1899, inaonyesha mashine ya ukoo huohuo. Dunia nzima ikamtazama mbwa. Mimi humtazama mbwa, kisha huangalia lile sanduku na hendeli yake ubavuni.

Ndani ya sanduku, gia kubwa ya pipa la kamani inasukuma gia ndogo, hiyo inasukuma nyingine, mpaka kwenye mhimili unaobeba sahani. Kutoka mhimili huo, gia yenye meno ya mshazari inaizungusha skrubu nyembamba, na hapo kasi inapanda mara nyingi. Skrubu hiyo ndiyo mhimili wa gavana. Umezungukwa na ndimi tatu za chuma cha pua, na katikati ya kila ulimi kuna kipande kizito cha risasi au shaba. Mtambo ukizunguka, vipande vinatanuka kuelekea nje, ndimi zinapinda kama upinde, na upande wao mmoja unavuta kisahani kinachoteleza kwenye mhimili. Kisahani kikigusa kipande kidogo cha ngozi chenye mafuta, msuguano unaupunguza mwendo. Ukipungua, ndimi zinanyooka, kisahani kinaachana na ngozi, mwendo unarudi. Yote hayo yanatokea bila kukoma na kwa umbali mdogo mno kuonekana kwa macho. Ile swichi yenye alama za haraka na polepole kando ya sahani kazi yake ni moja: kusogeza ngozi karibu au mbali.

Jambo la kushangaza ni kwamba gavana hii haiongezi nguvu hata chembe. Inachoweza ni kuzuia tu. Kwa hiyo kamani ililazimika kuwa na nguvu kuliko inayohitajika, na ile ya ziada ikateketezwa kuwa joto kwenye ngozi. Mwanzoni mwa wimbo ngozi inafanya kazi nyingi, mwishoni inafanya kidogo. Msikilizaji hapati habari ya mabadiliko hayo mpaka dakika ambayo kamani haina tena cha ziada. Hapo gavana inakuwa haina kitu cha kuzuia, na sauti inaanza kuzama. Kila aliyeishi na santuri anaujua mzamo huo, na anakumbuka mtu akiikimbilia hendeli.

Sindano nayo ilikuwa mzigo. Kichwa cha santuri kilikuwa kizito, kikikandamiza sindano ya chuma kwenye mfereji wa lakiri, na penye ngoma kubwa au sauti ya juu mfereji ulikuwa na mawimbi makubwa yaliyoiburuza sindano zaidi. Gavana ilipaswa kuhisi hilo na kuachia mara moja. Iliyokauka mafuta ilichelewa, na mwimbaji akatikisika pale alipopaza sauti.

Huko Bombay, upande wa kurekodi, wahandisi hawakuiamini kamani kabisa. Mashine za kukatia sahani za HMV wakati ule, na hata za studio ya Abbey Road iliyofunguliwa London mwaka 1931, ziliendeshwa kwa uzito unaoshuka taratibu kwa kamba. Uzito haulegei. Unavuta kwa nguvu ileile kutoka juu hadi chini, na gavana inabaki na kazi nyepesi. Kwa hiyo sauti ya Siti iliandikwa kwa mvuto wa dunia, ikasikilizwa kwa kamani. Kati ya mambo hayo mawili palikuwa na kipande cha ngozi kisichozidi ukucha.

Lakini hata hiyo 78 haikuwa amri tangu mwanzo. Sahani za zamani zilikatwa kwa mwendo wowote kati ya 70 na 90 hivi, na Columbia kwa miaka mingi waliandika 80 kwenye lebo zao. Namba 78 ilitulia miaka ya 1920. Mashine za umeme zilipokuja, gia zao katika nchi zenye umeme wa mizunguko 60 zilitoa 78.26, na penye mizunguko 50 zikatoa 77.92. Asiye na umeme alikuwa na kipimo chake: kuchomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa sahani, kushika saa, na kuhesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika moja. Ni kipimo kizuri mpaka leo, ilimradi sindano iwe imekaa kwenye wimbo, maana sahani tupu huenda kasi kuliko iliyobebeshwa.

Sifikirii kwamba wengi walijisumbua hivyo. Walisogeza swichi mpaka wimbo ukawapendeza. Waliotaka kucheza wakaiharakisha. Na hapa historia ya muziki wetu inaingia. Kuanzia mwaka 1933 HMV walitoa kwa ajili ya Afrika mfululizo wa sahani za GV, nyingi zikiwa za Kuba. Salum Abdallah wa Morogoro alizipenda sahani hizo, na bendi yake ya Cuban Marimba inabeba jina la mapenzi hayo. Kijana anayejifunza wimbo kwa kuurudia kwenye santuri anafuata ufunguo na mwendo anaopewa na gavana ya mashine iliyo mbele yake. Ikiwa ngozi imesogezwa kidogo, rumba ya Havana inamfikia ikiwa na haraka ambayo waliopiga hawakuwa nayo.

Watengenezaji wa filamu nao walikutana na somo hili la mwendo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu za mafunzo kwa wananchi wa Afrika Mashariki na Kati, wakaziwekea sauti kwenye sahani badala ya kuichapa kwenye filamu. Ilikuwa njia ya bei nafuu, lakini ilikuwa na sharti gumu: sahani ikienda mwendo wake na filamu mwendo wake, maneno yanaachana na picha.

Santuri za kamani ziliharibiwa hasa na grisi. Ile iliyopakwa kiwandani ikizeeka hugeuka gundi ngumu, mikunjo ya kamani inashikana, kisha inaachana kwa mshindo unaosikika ndani ya wimbo. Ongeza vumbi la kiangazi cha Shinyanga, linaloingia penye uwazi wowote, na ngozi ya gavana inageuka msasa. Tiba yake ni kuosha, kupaka grisi mpya kwenye pipa, na tone moja la mafuta mepesi kwenye ngozi. Kamani haifunguliwi ovyo. Ikitoka kwenye pipa kwa nguvu inaweza kumkata mtu vibaya.

Teknolojia yenyewe haikufa. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kutia ufunguo kwa ajili ya vijiji vya Afrika visivyo na umeme wala fedha za betri, ikaja kuuzwa kwa jina la Freeplay. Kamani yake inahama kutoka pipa moja kwenda jingine kwa mvuto ulio karibu sawa muda wote, na redio inaimba nusu saa hivi. Kwenye machimbo ya Geita, injini za dizeli zinazozungusha makarasha ya mawe ya dhahabu zina vipande vizito vinavyotanuka vilevile. Tofauti ni moja, na ni kubwa: gavana ya dizeli inapunguza mafuta yanayoingia, na ile ya bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, inaminya njia ya maji. Zinaokoa nguvu. Ya santuri iliitupa, kwa kuwa kamani haina bomba la kufunga.

Kazi inayotuhusu sasa ni kuhamisha sahani hizo za lakiri kwenye kompyuta kabla hazijavunjika. Wengi wanafunga 78 na kubonyeza kitufe. Hilo halitoshi kwa sahani zilizokatwa kabla ya namba hiyo kutulia, na hata baada yake ni vizuri kusikiliza kwa shaka: je, sauti hii ni ya mtu mzima, au imepandishwa? Mhamishaji aandike mwendo alioutumia, ili atakayemfuata aweze kuurekebisha. Na anayepima mwendo kwa sahani ya kupimia yenye mistari 77, inayoonekana kusimama mwendo ukiwa sawa chini ya taa ya umeme wa mizunguko 50, achague taa ya waya au ya neoni, kwa sababu taa nyingi za LED hazipepesi na mistari haitasimama kamwe.