Jinai na madai: somo linalowasumbua wanaosomea usaidizi wa kisheria

Mtu mzima anapoingia darasani kusomea usaidizi wa kisheria, haingii mtupu. Amekaa kwenye vikao vya wazee, ameona migogoro ya mipaka ikisuluhishwa, pengine amewahi kushitaki au kushitakiwa. Uzoefu huo unamsaidia, lakini ndio pia unaomkwamisha kwenye somo la mwanzo kabisa: tofauti ya jinai na madai.

Tuchukue mfano tunaoufahamu hapa Igawa. Ng'ombe wameingia usiku kwenye majaruba ya mpunga. Mbele ya wazee mambo yote humalizwa pamoja: mwenye mifugo anakemewa, analipa, watu wanapeana mikono. Sheria hulitazama tukio hilohilo mara mbili. Kama mchungaji aliwaingiza ng'ombe kwa makusudi, hiyo ni jinai, na mwisho wake ni adhabu. Hasara ya mpunga ni madai, na mwisho wake ni fidia. Kinachochanganya zaidi, Mahakama ya Mwanzo husikiliza yote mawili, pengine hakimu akiwa huyohuyo.

Hapo ndipo unapokuja mzigo wa kuthibitisha. Kwenye jinai, upande unaoshitaki lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya msingi. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hapo. Kwenye madai inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Kwa hiyo mchungaji anaweza kuachiwa huru kwenye jinai, na bado mkulima akashinda madai yake. Asiyelijua hili husema hakimu kala rushwa, au, vibaya zaidi, anarudi nyumbani na kuacha kudai fidia aliyostahili.

Kukariri maana ya maneno, kwa maoni yetu, hakusaidii sana. Kinachofaa ni kushika kisa kimoja na kubadilisha jambo mojamoja. Je, mchungaji alikuwa amesinzia? Je, hakuna aliyemwona, zimebaki alama za kwato tu? Mwanafunzi akiweza kumweleza jirani yake, hata kwa Kisangu au Kibena, kwa nini jibu limebadilika, basi ameelewa.

Dhana nyingine ngumu ni umiliki wa ardhi. Tunasema "shamba langu", lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ulichonacho ni haki ya kuitumia. Wengi hushituka wakisikia hivyo, ingawa haki hiyo ina thamani na inalindwa. Ina muda wake pia: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini haiwaruhusu kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza ada. Wao hukusikiliza, hukueleza shauri lako ni la aina gani na hukuelekeza pa kulipeleka.