Deki Bora Ilipimwaje?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na darasani haina matata. Sokoni, hata hivyo, mambo huwa mengine. Historia fupi ya deki za Blu-ray imeipa methali hiyo mtihani mgumu, na kwa kuwa nimeishi na mitihani takriban maisha yangu yote, nimependa kuusahihisha mtihani huu pamoja nawe, ndugu msomaji.

Kwanza tuelewane. Deki ninayoizungumzia ni ile ikaayo peke yake chini ya televisheni, isiyo sehemu ya kompyuta. Kazi yake ni moja tu: kusoma diski. Diski yenyewe ina upana wa sentimita 12, sawasawa na CD iliyoingia sokoni mwaka 1982, na sawasawa na DVD iliyokuja katika miaka ya 1990. Tofauti haimo katika umbo, bali katika mwanga unaoisoma. CD husomwa kwa leza ambayo wimbi lake lina urefu wa nanomita 780, DVD nanomita 650, na Blu-ray nanomita 405. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo mwali unavyoweza kukusanywa kwenye nukta ndogo zaidi. Ni kama kalamu: mwenye kalamu ya ncha nene hujaza ukurasa kwa maneno machache, na mwenye ncha nyembamba hupata nafasi ya insha nzima. Ndiyo maana DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ilhali Blu-ray ya tabaka moja hubeba 25.

Leza hiyo ya rangi kati ya buluu na zambarau ilitokana na kazi iliyofanywa Japani, hasa na Shuji Nakamura katika miaka ya 1990. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua diodi itoayo mwanga wa buluu. Lakini wenye viwanda, baada ya kuipata leza moja, hawakukubaliana juu ya diski moja. Toshiba na wenzake walitoa HD DVD. Sony, Panasonic, Philips, Samsung na wengine wengi walisimama upande wa Blu-ray. Leza ilikuwa ileile, diski zikawa mbili, na deki ya huku haikuweza kusoma diski ya kule.

Sasa tuwaite watahiniwa. Mwezi Aprili 2006 Toshiba ilitoa Marekani deki yake ya HD-A1 kwa dola 499. Mwezi Juni Samsung ikatoa BD-P1000 kwa dola 999, nayo ikawa deki ya kwanza ya Blu-ray katika soko hilo. Kwa bei peke yake, mtahiniwa wa kwanza alikuwa amekwisha kutangulia. Aidha, kanuni za HD DVD zilitaka kila deki tangu siku ya kwanza iwe na tundu la kuunganishia mtandao, na iweze kuonyesha picha ndogo ndani ya picha kubwa, kwa mfano mwongozaji akieleza filamu huku filamu yenyewe ikiendelea. Deki za mwanzo za Blu-ray hazikulazimishwa kuwa na haya. Uwezo wa picha ndani ya picha ulikuja kuwa sharti kwa modeli mpya kuanzia Novemba 2007, na waliokwisha kununua za mwanzo walibaki bila nyongeza hizo. Upande wa Blu-ray ulikuwa na sifa moja kubwa: nafasi. Diski ya HD DVD ilibeba gigabaiti 15 kwa tabaka, dhidi ya 25.

Iko habari nyingine ya mwaka huo inayonishangaza kuliko zote. Deki ya kwanza ya Blu-ray ya Sony, BDP-S1, iliyouzwa kwa karibu dola 1,000, haikuweza kusoma CD. Kampuni iliyoshirikiana na Philips kuizaa CD ilitoa mashine ya gharama hiyo isiyomtambua mtoto wa nyumbani! Wazee walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Modeli zilizofuata zilirekebishwa.

Kama ningekabidhiwa kalamu nyekundu mwishoni mwa mwaka 2006, nikaambiwa nitoe alama kwa bei, vifaa na ukamilifu, Toshiba angeongoza. Na bei ilizidi kushuka. Mwanzoni mwa Novemba 2007 duka la Walmart liliuza deki ya Toshiba ya HD-A2 kwa chini ya dola 100, wakati ambapo deki ya Blu-ray ilikuwa bado inagharimu mara kadhaa ya hizo.

Pamoja na hayo yote, Toshiba akashindwa. Tarehe 4 Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner, iliyokuwa ikichapisha filamu zake kwa aina zote mbili, ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Disney, Fox na Sony zilikuwa huko tayari. Tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuiacha HD DVD. Zaidi ya hayo, tangu Novemba 2006 mashine ya michezo ya PlayStation 3 ilikuwa imeingiza Blu-ray katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na haja ya deki. Mwaka 2009 Toshiba yenyewe ilijiunga na chama cha Blu-ray, ikatengeneza deki za mshindani wake.

Tujifunze nini? Majedwali ya kulinganisha deki yaliorodhesha ubora wa picha, idadi ya matundu, muda wa kufungua diski na bei. Yote hayo ni kweli na yanafaa. Lakini deki ni msomaji, na msomaji hapimwi kwa ukali wa macho yake tu; hupimwa pia kwa vitabu atakavyovipata. Aliyenunua deki ya HD DVD yenye kila sifa alibaki na macho mazuri ndani ya maktaba iliyofungwa.

Kwetu Afrika Mashariki liko swali jingine ambalo majedwali ya Marekani hayakuwa na sababu ya kuliuliza, nalo ni swali la kufuli. Waliotunga DVD waliigawa dunia katika maeneo, ili diski ya eneo moja isisomeke kwa deki ya eneo jingine. Sisi tuliwekwa eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Blu-ray ilipokuja, mgawo ulibadilishwa: Afrika ikapelekwa eneo B pamoja na Ulaya, India ikaenda eneo C, na Marekani na Japani eneo A. Mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeletewa na mwanawe diski iliyofungiwa eneo A hakuweza kuitazama katika deki ya B, hata kama deki hiyo ilikuwa na alama 100 katika jedwali. HD DVD, iliyoshindwa, haikuwa na kufuli hilo. Blu-ray ya daraja la juu, yaani Ultra HD, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, nayo haina. Jambo jema lilichukua miaka kumi kurudi.

Swali la mwisho ni la muda. Katika chuo cha ualimu nilichofundisha tulikuwa na kanda za video za masomo ya mfano: mwalimu mkongwe akifundisha sehemu za hesabu kwa vipande vya chungwa, mwingine akisomesha herufi kwa nyimbo. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kanda ziliwekwa kabatini kwa heshima, lakini deki ya kuzisomea iliharibika, na fundi hakupata tena kipuri. Sauti zao zimo ndani ya kabati lile, nasi hatuzisikii. Tangu hapo nimeelewa kwamba kuhifadhi kanda bila kuhifadhi deki ni kuhifadhi nusu.

Diski nazo zinaelekea huko. Oppo, ambayo deki yake ya BDP-83 ya mwaka 2009 ilisifiwa kwa kusoma karibu kila aina ya diski ya sentimita 12, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha kuunda mashine mpya. Samsung ilisema mwaka 2019 kwamba haitatoa modeli mpya kwa soko la Marekani. Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Vijana huniambia filamu zote zimo kwenye intaneti. Huenda. Lakini filamu ya intaneti huondolewa na mwenyewe siku apendayo, na mtazamaji haulizwi. Diski iliyo rafuni kwangu haiondolewi na mtu, maadam ninayo mashine ya kuisoma.

Basi anayetaka kulinganisha deki, na alinganishe picha, sauti na bei kama kawaida. Akimaliza, aongeze maswali matatu mwenyewe: inasoma diski zangu za zamani? Imefungiwa eneo gani? Ikiharibika, fundi wa mtaani ataweza kuifungua na kupata leza nyingine? Deki itakayofaulu maswali haya huenda isiwe ya kwanza katika jedwali la mtu yeyote. Mimi ndiyo nitakayoinunua, na ile ya zamani sitaitupa.