Teke la bunduki nusu-otomatiki na njia za kulipunguza

Teke la bunduki ni msukumo wa kurudi nyuma unaolipiga bega la mpigaji mara risasi inapofyatuliwa. Bunduki nusu-otomatiki hutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio na kujipakia yenyewe risasi inayofuata. Ndani yake teke hupitia mtambo unaotembea kabla ya kufika begani, na ndiyo maana lina njia nyingi za kulainishwa. Mfano unaotumika hapa ni FN FAL, bunduki ya Kibelgiji iliyobuniwa na Dieudonné Saive, hasa L1A1, toleo la Uingereza lililopokelewa mwaka 1954 na kujulikana kwa wanajeshi kama SLR. L1A1 ilipiga risasi moja moja tu.

Chanzo cha teke

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba kila kani huzaa kani nyingine iliyo sawa nayo, ikielekea upande wa pili. Baruti ikiwaka, gesi yake husukuma kichwa cha risasi mbele na bunduki nyuma. Risasi ya FAL, ya 7.62 × 51 mm, ina kichwa cha gramu 9.5 hivi, kinachotoka kwa kasi ya mita 840 hivi kwa sekunde. Takriban gramu 3 za baruti iliyogeuka gesi hukifuata kwa kasi kubwa kuliko yake. Kwa hesabu hiyo, bunduki ya kilo 4.5 hurudi nyuma kwa mita 2.6 hivi kwa sekunde, ikiwa na nishati ya juli 15 hivi. Hilo ni sawa na pakiti ya sukari ya kilo moja iliyoanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu.

Kichwa cha risasi hukaa mtutuni kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, na katika muda huo bunduki husogea milimita moja na kitu tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya teke hufika begani risasi ikiwa imekwisha kwenda zake.

Msukumo huu haufutiki. Unaweza kupunguzwa kwa kutumia risasi ndogo, kugeuziwa upande pamoja na gesi, kuenezwa katika muda mrefu zaidi, au kutandazwa juu ya eneo kubwa la bega. Uzito wa bunduki nao hupunguza kasi yake ya kurudi.

Mtambo wa gesi

Katika FAL, gesi kidogo huchotwa kupitia tundu la mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni hukirudisha nyuma kibeba-bolti, ganda tupu hutupwa nje, na springi hukirudisha kibeba mbele kikiwa na risasi mpya. Safari hiyo ya chuma na springi hueneza teke katika muda. Gesi ikizidi, au springi ikichoka, kibeba hugonga mwisho wa njia yake kwa nguvu na mpigaji huhisi pigo la pili.

FAL ina pete ya kurekebisha gesi. Fundi huanza na njia ya kutolea gesi ikiwa wazi kabisa, hali ambayo mtambo hukosa nguvu na ganda hukwama. Kisha huizungusha pete hatua kwa hatua mpaka maganda yatoke vizuri, na kuongeza hatua moja au mbili za akiba kwa ajili ya vumbi na masizi. Bunduki iliyorekebishwa hivi hupiga bega kwa upole kuliko ile inayolishwa gesi yote.

Breki ya mdomo wa mtutu

Breki ni bomba fupi lenye matundu, linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Gesi hugonga kuta zake na kutokea pembeni, na kwa kugonga huko huivuta bunduki mbele. Matundu ya juu huzuia mdomo usiruke. AK-74 ya Kisovieti, iliyopokelewa mwaka 1974, inatambulika kwa breki yake kubwa. Gharama ya breki ni kishindo na upepo wa moto kwa walio pembeni, na vumbi kutimka mpigaji akiwa amelala chini.

Kitako, uzito na risasi

Kitako kilicho chini ya mstari wa mtutu hufanya mdomo uruke juu. Eugene Stoner alikipanga kitako cha AR-15 katika mstari mmoja na mtutu, hivyo teke likaenda nyuma moja kwa moja. Mto wa mpira kwenye kitako hueneza pigo.

Kuongeza nusu kilo kwenye bunduki ya kilo 4.5 hushusha nishati ya teke kutoka juli 15 hadi 13.5 hivi, na mbebaji ndiye atakayeulipia uzito huo. Risasi ndogo ya 5.56 mm, yenye kichwa cha gramu 3.6 na kasi ya mita 990 kwa sekunde, huleta teke la juli 5 hivi.

Mkao wa mpigaji

Kitako hukaa ndani ya bonde la bega, chini ya mtulinga. Hakikai juu ya mfupa wala kwenye mkono. Kikiachiwa pengo, bunduki hupata kasi kwanza ndipo igonge. Shavu hulala juu ya kitako, miguu hupanuka kiasi cha mabega, na mwili huinama mbele kidogo.

Mpigaji anayeliogopa teke hufumba macho na kuisukuma bunduki kabla haijalia. Walimu huchanganya risasi za bandia na za kweli ndani ya magazini bila mwanafunzi kujua zilipo. Kifyatulio kikivutwa na mlio usitoke, mdomo wa mtutu huonekana ukichovya chini, na mwanafunzi huiona hofu yake kwa macho.

Tahadhari

Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio kwa pigo moja, na breki huuzidisha kwa mpigaji na jirani zake. Kinga ya masikio ni ya lazima. Tundu la gesi lisipanuliwe wala springi isikatwe: mtambo ukifunguka wakati shinikizo bado liko juu, ganda linaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Mpangilio sahihi ni kurekebisha mkao kwanza, kisha kitako, kisha gesi, na breki iwe ya mwisho. Hatua ya kwanza haina gharama, na bila hiyo zote zinazofuata hufanya kazi nusu.